Kazi zinapungua, ovataimu inaongezeka: hii hesabu inakuwaje?

Swali hili linarudi kila vyuma vikikaza. Asubuhi bosi anaitisha kikao, anasema hali ya biashara ni mbaya, oda zimeshuka, itabidi watu wapungue, na kweli wanapungua. Wiki mbili hazijaisha waliobaki wanaambiwa Jumamosi mje, na jioni msiwahi kutoka kuna mzigo unatakiwa uishe leo leo. Sasa mtu anajiuliza, kama kazi hakuna hii Jumamosi ninayokuja ni ya nini? Na kama kazi ipo, wale wenzangu waliofungashiwa virago waliondoka kwa kosa gani? Hapo yupo wa pembeni atadakia "shida ni chama, wameng'ang'ania mishahara ipande ndo maana watu wanaondolewa", mwingine atajibu "chama kipi, wale kazi yao kukata ada tu", mjadala unaishia hapo na kila mtu kanuna.

Mi nimekaa pande mbili za huu mjadala. Nilianza kama mpakiaji kwenye ghala, silipi hata ada ya chama, baadaye wenzangu wakanichagua nikawa mwakilishi wao kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ngoja niufungue huu mzigo polepole, kuanzia kwenye maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi ni watu kutumia neno moja huku kila mmoja ana maana yake kichwani.

Saa za kawaida ni zile zilizo kwenye mkataba wako au zile ambazo sheria imeweka kuwa ndo mwisho. Kila saa inayozidi hapo ni ovataimu. Ukibaki kazini unapiga stori au unasubiri mvua iishe hiyo ni juu yako, lakini kama msimamizi amekutuma ubaki, au anakuona kabisa unafanya kazi na amenyamaza tu kwa kuwa inamfaa, hiyo ni hadithi nyingine na nchi kadhaa sheria zake zinaihesabu kuwa ni kazi.

Chama cha wafanyakazi ni wafanyakazi wenyewe waliojiunga ili waongee na mwajiri kwa sauti moja. Si idara ya serikali, si kampuni ya mawakili, na si mfuko wa kusaidiana ingawa vingine vina mfuko huo. Chama kikikaa mezani na mwajiri wakakubaliana kuhusu mshahara, saa, likizo na namna watu watakavyopunguzwa siku mambo yakiwa magumu, yakaandikwa na kusainiwa, huo ndo mkataba wa hali bora. Wengi hawajawahi kuusoma. Wanaujua ule wa kwao binafsi waliosaini siku ya kwanza, basi, wakati huu mwingine mara nyingi ndo una vitu vinavyokuokoa.

Mdororo wa uchumi nao usikutishe kama neno. Watu wananunua kidogo, mwenye kiwanda anauza kidogo, anapunguza watu, wale waliopunguzwa nao wananunua kidogo zaidi, mwenye kiwanda cha pili anaanza kuumia, mduara unazunguka. Ndo maana kipindi hicho kampuni ambayo haina kosa lolote inaweza kujikuta pabaya, na siyo kila mwajiri anayelia hali ngumu anadanganya. Wapo wanaodanganya. Lakini siyo wote.

Alafu usalama wa ajira. Hili ndo linaeleweka vibaya kuliko yote, watu wanadhani maana yake ni kwamba hufukuziki. Fikiria mpangaji mwenye mkataba wa nyumba. Mwenye nyumba anaweza kumtoa, ndiyo, ila kuna sababu inatakiwa iwepo, kuna notisi, kuna hesabu za kumalizana. Asichoweza ni kuja usiku na kumtupia godoro nje. Usalama wa ajira ni huo huo, hukatazwi kuondolewa, unakingwa usitupiwe godoro nje. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1982, unasema mtu aachishwe kazi kwa sababu halali tu na unataja mafungu matatu: uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Nchi nyingi hazijauridhia huo mkataba lakini ukifungua sheria zao za kazi mara nyingi utakuta mafungu hayo hayo. Kupunguzwa kwa sababu ya hali ngumu ni fungu la tatu, yaani huna kosa, nafasi yako ndo inasemekana haihitajiki. Shika hilo neno "nafasi haihitajiki", tutalirudia.

Sasa turudi kwenye lile fumbo la mwanzo. Kwa nini mtu aondoe watu alafu awalipe waliobaki ovataimu, tena kwa bei ya juu?

Ni kama gari la mizigo. Unaweza kununua lako au ukakodi siku ukiwa na mzigo. Kukodi kwa siku moja ni ghali ukilinganisha, lakini jioni unalirudisha, halina bima yako, halina matairi yako, likilala halikudai. Ovataimu ni gari la kukodi. Mfanyakazi wa kudumu ni gari lako mwenyewe. Kipindi ambacho hujui mwezi ujao mzigo utakuwepo au la, utanunua gari? Wengi watakodi.

Tuweke namba. Kuna kikosi cha watu 11, kila mmoja saa 40 kwa wiki, jumla saa 440. Mmoja kaondolewa, kazi ikabaki vile vile. Hao 10 wakigawana saa 40 za mwenzao kila mmoja anaongeza saa 4, ni kama asubuhi moja ya Jumamosi. Zikilipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, mwajiri anatoa malipo ya saa 60 badala ya 40. Ukitazama haraka unasema huyu amepata hasara ya saa 20. Lakini yule wa kumi na moja angekuwepo ana likizo yake, ana siku za kuumwa, mchango wa pensheni, bima, nguo za kazi, mafunzo, na siku akiondoka ana malipo yake ya kuondokea. Wakati mwingine hivyo vyote vinakaribia zile saa 20, wakati mwingine havifiki, ila hata visipofika mwajiri anakuambia kitu kimoja, ovataimu naweza kuifuta kesho asubuhi, mtu siwezi.

Hapo bado tunazungumzia ovataimu inayolipwa. Ondoa sasa hayo malipo. Wale 10 wanaongeza saa 4 kila mmoja na hawalipwi chochote, wanaambiwa "tushirikiane jamani kipindi ni kigumu". Mwajiri halipi saa 60, halipi saa 40, analipa sifuri. Kazi ya mtu mzima mmoja inafanyika kila wiki na hakuna mshahara uliotoka. Hakuna mtafuta kazi popote anayeweza kushindana na mtu anayefanya bure, hata aje na vyeti vya kujaza begi.

Kwa hiyo ukisikia mara moja na nusu usidhani ni asante ya kuchoka. Ni breki. Imewekwa ili ikimuuma mwajiri kidogo afikirie mara mbili: nimbane huyu au nimwajiri wa pili? Na historia yake ni ya kipindi cha njaa kabisa. Marekani mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi haikuwa na ajira, na huku viwandani waliobahatika kuwa na kazi walikuwa wanakamuliwa saa nyingi. Mwaka 1938 Rais Roosevelt akasaini sheria iliyoweka ukomo wa saa 44 kwa wiki, ukashushwa hadi 40 kufikia 1940, na ukizidisha unalipa mara moja na nusu. Kulinda afya ya mfanyakazi kulikuwemo, lakini hoja nyingine nzito ilikuwa kueneza kazi ifike kwa wengi. ILO yenyewe ilipoanzishwa mwaka 1919 mkataba wake wa kwanza kabisa, namba 1, ulihusu saa: viwandani 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na ovataimu isilipwe chini ya mara moja na robo.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kiwanda cha vyakula vya nafaka cha Kellogg's kule Battle Creek, Michigan, huko huko Marekani, Desemba 1930 kiliacha zamu tatu za saa 8 kikaweka zamu nne za saa 6. Mashine zile zile, siku ile ile, ila watu wengi zaidi. Malipo ya kila saa yakapandishwa ili pengo lisiwe kubwa, ingawa kwa wiki mtu alipata pungufu kidogo. Baadhi ya idara ziliendelea na saa 6 hadi mwaka 1985, maana wapo waliokuwa hawataki kabisa kurudi kwenye 8.

Lakini ngoja nijipinge mwenyewe kidogo kabla hujanipinga. Siyo kila ovataimu imekula ajira ya mtu. Boila ikipasuka usiku wa Jumapili unamwita fundi anayeijua, huwezi kuajiri mtu wa kudumu wa kungoja boila ipasuke. Na kazi siyo mkate kwamba ukikata kipande kwangu lazima kiende kwako, ukipunguza saa zangu 4 na za mwenzangu 4 hatuwezi kuziunganisha zikawa ajira ya mhasibu kama sisi ni wapakiaji. Wachumi wanalisema hili sana na wana haki. Kinachotakiwa kukupa shaka ni ile ovataimu ya kila wiki, ya watu wale wale, kwa kazi ile ile iliyokuwa inafanywa na aliyeondolewa. Hiyo si dharura tena, hiyo ni nafasi ya mtu.

Migogoro yenyewe ya ovataimu kipindi cha mdororo huwa inakuja kwa sura kama tatu hivi.

Sura ya kwanza ni kutolipwa, na hii nimeiona kwa macho. Kwenye lile ghala mlangoni kulikuwa na mashine ya kugonga kadi. Saa kumi na moja kamili jioni msimamizi anapita katikati ya mashelfu anapiga makofi, "jamani, gongeni kadi, alafu rudini tumalizie hili lori". Tunajipanga mstari, kadi inaingia inalia taa!, tunageuka tunarudi kwenye lori. Kadi yangu inasema nimetoka saa kumi na moja na dakika tatu, mwili umetoka saa mbili usiku. Na hakuna aliyekataa, kwa sababu ilikuwa mwaka ambao kila mtu alikuwa anamjua mtu ambaye kibarua kimeota nyasi. Kulikuwa na mzee mmoja tu, sisi tulimwita Mzee basi, alikuwa akishagonga kadi anatoa daftari dogo la mistari mfuko wa nyuma, anaandika tarehe, saa, namba ya lori, na nani ametutuma. Tulimcheka. Tukamuuliza Mzee unaandika mashairi? Anasema naandika madeni.

Sura ya pili ni ya kulazimishwa, hasa baada ya watu kupungua. Hapa jibu linategemea sheria ya mahali ulipo na mkataba wako, kuna sehemu lazima ukubali kwa maandishi, kuna sehemu mwajiri anaweza kukuagiza mradi asivuke kiwango. Kinachojulikana ni kwamba mwili una ukomo wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na ILO walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Sasa mtu akikuambia saa nyingi ni suala la uvivu na bidii, hayo ndo majibu yake.

Sura ya tatu ndo watu hawaitegemei: ovataimu kufutwa. Mdororo ukianza kitu cha kwanza kukatwa huwa si watu, ni saa za ziada. Na kuna familia zimejenga maisha juu ya hizo saa, mshahara wa msingi unalipa nusu ya mambo na ovataimu inalipa nusu nyingine, mkopo umechukuliwa kwa hesabu ya slipu nono. Siku hizo saa zikifutwa mtu anaona ameibiwa wakati kisheria mara nyingi mwajiri hajakosea, maana hakukuahidi ovataimu, alikuahidi saa 40.

Hapa ndo chama kinapata kazi ngumu ambayo watu wa nje hawaioni. Nakumbuka mkutano mmoja wa tawi, tumeshapata fununu kuna orodha ya watu inaandaliwa. Nikasimama nikapendekeza tuiombe menejimenti isimamishe ovataimu yote kwanza kabla ya kumgusa mtu yeyote. Nilidhani watapiga makofi. Ukumbi ukawa kimya, alafu dada mmoja wa idara ya kufungasha akanyoosha mkono akasema, "Kaka, wewe huna hata mtoto shuleni. Hiyo ovataimu unayotaka kuifuta ndo ada ya watoto wangu wawili. Mimi jina langu halipo kwenye hiyo orodha, sasa unanitetea au unanikata?" Hakuwa na makosa. Chama kina wanachama walio kwenye orodha na wanachama wanaoishi kwa ovataimu, na wote wanalipa ada ile ile. Ukisikia chama kinasuasua kwenye jambo hili usikimbilie kusema wamehongwa, mara nyingine wanasuasua kwa sababu wanachama wenyewe wamegawanyika katikati.

Njia ya kutoka ipo, na walioipitia si wachache. Mwaka 1993 Volkswagen kule Ujerumani walijikuta na watu wa ziada kama 30,000. Badala ya kuwamwaga, kampuni na chama cha IG Metall wakakubaliana kushusha wiki ya kazi kutoka saa 36 hadi 28.8 kuanzia 1994, na kampuni ikaahidi hakuna wa kupunguzwa kwa lazima kwa miaka miwili. Kipato cha mwaka kilishuka, tusidanganyane, lakini walizichukua bonasi za mwaka wakazigawanya kwenye miezi ili mshahara wa kila mwezi usiyumbe sana. Yaani kila mmoja aliumia kidogo ili wasiumie wachache kabisa.

Na mdororo wa 2009 Ujerumani ndo iliwashangaza watu. Uchumi ulinywea kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka huo lakini ukosefu wa ajira haukusogea sana. Moja ya sababu ni ule mpango wao wa saa pungufu ambapo kampuni inapunguza saa, na serikali kupitia mfuko wa ajira inamlipa mfanyakazi sehemu ya kile alichopoteza, karibu watu milioni 1.5 walikuwa humo pale mpango ulipofika kileleni. Sababu nyingine mi naipenda zaidi kwa sababu inahusu ovataimu moja kwa moja: kampuni nyingi kule zina akaunti za saa. Kipindi kizuri ukifanya saa za ziada huchukui hela zote, unaziweka kama akiba. Kipindi kibaya kikija unakaa nyumbani unakula akiba yako ya saa huku mshahara unaingia. Walipofika 2009 watu wengi walikuwa na saa zimejaa kwenye akaunti. Ila akaunti hiyo inafanya kazi mahali ambapo saa zinaandikwa kwa uaminifu na kuna mtu wa upande wa wafanyakazi anaruhusiwa kuzikagua. Ukiileta mahali ambapo msimamizi anasema gongeni kadi mrudi, itakuwa njia nyingine tu ya kutolipa.

Sasa yale maneno ya vijiweni. La kwanza, "ukijiunga na chama ndo unakuwa wa kwanza kupigwa chini". Hofu hii haijatoka hewani, wapo waajiri wanaofanya hivyo, lakini ni kinyume cha utaratibu. Mkataba namba 98 wa ILO wa mwaka 1949 unataka mfanyakazi akingwe asifukuzwe kwa sababu ya uanachama, na huu umeridhiwa na nchi nyingi sana. Ule wa 158 nao unataja wazi kwamba uanachama si sababu halali ya kumwachisha mtu. Bila shaka hakuna mwajiri atakayeandika kwenye barua "tumekuondoa kwa kuwa ni mwanachama", ataandika kitu kingine, kwa hiyo vita inakuwa ya ushahidi.

La pili ni kinyume chake, "mi niko chamani siguswi". Unaguswa. Chama hakina rimoti ya kuzuia soko lisianguke. Kinachoweza ni kudai utaratibu, na utaratibu si kitu kidogo. Pendekezo namba 166 la ILO, lililotoka pamoja na ule mkataba wa 1982, linaorodhesha mambo ya kufikiria kabla ya kuachisha watu: kusimamisha ajira mpya, kuacha wanaostaafu na wanaoacha wenyewe wapunguze idadi, kuhamishana idara, kufundishana kazi nyingine, kustaafu mapema kwa hiari, na, soma hapa vizuri, kubana ovataimu na kupunguza saa za kawaida. Yaani ovataimu imetajwa humo kama kitu cha kukatwa kabla ya mtu. Linasema pia vigezo vya kuchagua nani aondoke viwekwe mapema, na walioondolewa wafikiriwe kwanza ajira zikirudi. Pendekezo halina nguvu ya sheria, ni mwongozo, lakini mkataba wa hali bora unaweza kuyachukua hayo hayo yakawa ahadi ya kampuni yenu.

Kuna na hili la "wameshatushirikisha, walituita ukumbini wakatutangazia". Kutangaziwa si kushirikishwa. Kushirikishwa ni pale mnapoitwa uamuzi haujafungwa, mnapewa takwimu, mnaruhusiwa kuleta njia mbadala na mnajibiwa kwa nini imekataliwa. Barua zikiwa zimeshachapwa zipo kwenye droo, kile ni kikao cha kuagana.

Na lile la "mi ni mshahara wa mwezi, ovataimu hainihusu" au "mi nimepewa cheo cha meneja". Kulipwa kwa mwezi peke yake mara nyingi hakukuondolei haki, mshahara wa mwezi unagawanyika kupata wa saa kama kawaida. Cheo kweli sheria nyingi zinawatoa mameneja kwenye ovataimu, lakini kinachotakiwa kuangaliwa ni kazi unayofanya, siyo neno lililoandikwa kwenye kitambulisho. Nimeona mtu kaitwa "meneja wa zamu" anapanga maboksi kutwa nzima, hana anayemwongoza wala uamuzi anaoufanya zaidi ya boksi gani liende juu.

Vipi kuhusu lile la kwamba mishahara inayodaiwa na chama ndo inaua ajira? Hapa kuna ukweli nusu. Chama kikidai nyongeza nono kwenye kampuni ambayo kweli mfuko umetoboka, kinaweza kuharakisha kifo. Ndo maana vyama vyenye akili mdororo ukija vinabadilisha ombi, vinaacha kudai nyongeza vinadai ahadi ya ajira, kama walivyofanya wale wa Volkswagen. Lakini ili chama kibadilishe ombi kinahitaji kuona vitabu. Mwajiri anayesema hali mbaya na akafungua hesabu zake huwa anapata ushirikiano ambao hata yeye anashangaa. Anayesema hali mbaya alafu hesabu ni siri, na gari la mkurugenzi ni jipya, huyo ajue kikao kitakuwa kirefu.

Sasa turudi kwenye lile neno nililokuambia ushike, "nafasi haihitajiki". Hapo ndo ovataimu na usalama wa ajira vinapokutana, na watu wengi hawauoni huu uzi. Mwajiri anapotaka kupunguza watu hoja yake yote inasimama kwenye dai kwamba kazi ya hao watu haipo tena. Kitu gani kinaweza kuonyesha kwamba kazi ipo? Rejista ya ovataimu. Kama inaonyesha idara yenu inafanya saa 400 za ziada kila wiki, hizo ni kazi za watu 10 wa saa 40, na kuwaambia watu 10 wa idara hiyo hiyo kwamba hawahitajiki inakuwa ngumu kuielezea. Kinyume chake, rejista ikionyesha sifuri kwa sababu mligonga kadi mkarudi kwenye lori, basi kwenye karatasi kazi yenu inaisha saa kumi na moja jioni kila siku na watu wanatosha hadi wanabaki wa ziada. Ile saa uliyofanya bure ili uonekane mtiifu imemfanya mwenzako aonekane wa ziada. Pengine na wewe.

Kwetu ilitokea hivyo hivyo. Menejimenti ilikuja na orodha ya watu 14 na rejista safi kabisa, miezi mitatu ovataimu hakuna. Sisi upande wa chama tulikuwa tunajua si kweli lakini kujua si karatasi. Mzee akaingia na lile daftari tulilokuwa tunalicheka. Tulikaa naye mchana mzima tunajumlisha, mstari kwa mstari, namba za malori tukazilinganisha na vitabu vya geti ambavyo walinzi walikuwa wanaandika kila lori linapotoka, na saa zilioana. Afisa utumishi aliomba abaki nalo usiku mmoja alipitie. Mzee akakataa, akasema kama ni kopi twende wote kwenye mashine nigeuze kurasa mwenyewe, na kweli akasimama pale anageuza moja moja.

Orodha ilishuka kutoka 14 hadi 9. Malimbikizo ya ovataimu yalilipwa kwa awamu mbili, ya pili ilichelewa. Mzee alikuwa miongoni mwa wale tisa, aliomba mwenyewe kustaafu mapema, na siku ya kuchukua hundi yake alikaa na mhasibu karibu saa nzima kwa sababu hesabu ya ofisi na ya daftari zilipishana kwa saa sita.